Paa la Elkanah

Mwaka uliofuata uhuru, Wazungu walipohama mtaa wa juu wa Homa Bay, Elkanah wa idara ya kilimo alipewa nyumba huko. Mtaa ulikuwa mtaa kweli: bustani ya maua yenye mabenchi, na vijia vya changarawe vya watu kutembea tu, bila hata mahali wanakokwenda. Mama yake, Phelesia, alitoka Uriri na kikapu kichwani na kuku kwapani kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Aliizunguka nyumba mara mbili akitafuta hata kibanda cha kulala, hofu ikamshika palepale. Aliona paa moja tu.

Kwa mila yao, mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Akilala, chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia, nayo chira haimfuati mkosaji. Inamkondesha mtoto mchanga mpaka inamchukua. Phelesia alishazika watoto wa namna hiyo.

"Mama, hii ni nyumba ya serikali," Elkanah alisema akicheka.

"Chira haiulizi nyumba ni ya nani."

Akaenda kukaa bustanini, kwenye benchi. Jua lilipokaribia kuzama askari akaja. "Mama, hapa tunafunga saa kumi na mbili. Nenda nyumbani." Nyumbani wapi sasa?

Zilpah, mke wa Elkanah, ndiye aliyemfuata. "Mama, kuna kachumba huko nyuma ya michongoma, ka mfanyakazi, hukukaona. Kana paa lake." Elkanah alinuna, majirani wataonaje, lakini Zilpah alikuwa ameshatandika mkeka.

Usiku huo Phelesia hakulala. Kila mtoto alipokohoa kule nyumba kubwa, moyo ulimruka. Asubuhi akamkuta ananyonya vizuri, mzima kabisa. Kwa furaha akashika ufagio, akafagia mbele ya nyumba kama afanyavyo kwake.

Bwana Wangwe, mkubwa wa Elkanah kazini, alikuwa akipita kwenye kijia na mbwa wake, akamwona Elkanah mlangoni.

"Naona umepata mfanyakazi, Elkanah."

Elkanah alimtazama mama yake, akamtazama mkubwa wake.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Phelesia aliogopa kuliko jana. Usiku kucha alihofia mwanawe atapoteza mtoto, kumbe aliyempoteza mtoto ni yeye. Akauegemeza ufagio ukutani, akamwomba Zilpah amletee kikapu chake.