Jangwa la Mchana

Mkewe alipotangaza kwamba mwaka huu wanavuka jangwa kwa gari, si kwa msiba wala kwa biashara bali kwa kutazama tu, Masafa alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Kikamkwama.

"Kutazama nini?" aliuliza alipofanikiwa kumeza.

"Jangwa, mzee wangu. Tunakwenda polepole, penye uzuri tunasimama, tunakunywa chai, tunapiga picha, tunaendelea. Tena sisi tuna bahati. Wenzetu hutafuta mtu wa kuwaonyesha njia, na mimi mwenyeji wa jangwa ninaye humu humu ndani, anamaliza siagi."

Masafa alicheka kicheko cha kuazima, akainua kikombe, akajificha nyuma yake.

Jina hilo alipewa na madereva wenzake. Alikuwa amevusha lori la saruji jangwani, kwenda na kurudi, tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi nyingi zilipomuaga. Sasa alikuwa amestaafu, na nyumba ilikuwa bado haijamzoea. Nusu yake ilikuwa karakana ya mkewe, fundi wa mapazia: cherehani mbili kando ya dirisha, majora ya vitambaa yameegemea ukuta, na fimbo ndefu toka pembe hadi pembe ambako mapazia yaliyokamilika yalining'inia yakiwasubiri wenyewe. Masafa alipita humo kama lori kwenye uchochoro, bega huku, kiwiko kule, na haikupita siku bila kuangusha kitu.

Habari ya safari iliwafikia ndugu siku hiyo hiyo. Dada yake mkubwa, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alisema yeye haachwi. Shemeji yake Spana, mdogo wa mkewe, fundi wa magari, alisema lile gari la kupelekea mapazia haliwezi kufika popote bila yeye, na kusema kweli hata akiwemo bado ana wasiwasi. Jumamosi wote wanne wakakutana karakana kupanga safari.

Mkewe alitandaza mezani kitambaa kilichobaki kwenye kazi fulani, rangi ya mchanga, akachukua chaki yake ya ufundi akachora mstari mrefu toka pindo hadi pindo.

"Hii ndiyo barabara," alisema. "Sisi tupo hapa, tunakokwenda ni kule." Kisha akamwaga kopo zima la vifungo. "Na kila kifungo ni mahali pa kusimama. Haya, mwenyeji, sema. Wapi ni pazuri?"

Macho yote yakamgeukia Masafa.

"Pazuri ni pengi," alisema.

"Taja hata mahali pamoja."

"Kuna... kuna kituo cha mafuta, kama katikati ya njia. Choo chake kina maji."

Spana akaangua kicheko. Dada mkubwa hakucheka. Alichagua kifungo kikubwa cheusi akakibandika katikati ya mstari. "Hicho hakitoki," alisema. "Lakini kaka, usitubanie bwana. Tunataka milima! Mabonde! Maisha yako yote umepita huko, leo unatutajia choo?"

Masafa akakohoa. "Kuna mlima," alisema, "unafanana na simba aliyelala."

Mkewe akaguna kwa furaha na kuweka kifungo cha dhahabu. Kuona vile, Masafa akanogewa. Akawapa miamba myekundu iliyosimama kama watu kwenye foleni. Akawapa mitende iliyozunguka kisima. Akawapa hata maporomoko ya maji, na hapo Spana akainua nyusi.

"Maporomoko, shemeji? Jangwani?"

"Madogo," Masafa alisema. "Ya msimu."

Ukweli ni kwamba Masafa hakuwahi kuliona lile jangwa. Kampuni iliamuru malori yavuke usiku, maana mchana lami iliwaka na matairi yalipasuka kama mahindi ya bisi. Kukipambazuka waliegesha, wakajitupa chini ya lori, kitambaa usoni, hadi jua lizame. Jangwa alilolijua lilikuwa na upana wa taa mbili za mbele: kipande cha lami, mstari mweupe, na mara moja moja macho ya mbweha. Zamani, kila aliporudi, mkewe alimuuliza jangwa likoje, naye alijibu, "Jangwa ni jangwa tu," akaenda kulala. Swali likazeeka, jibu likazeeka. Leo angeanzia wapi kusema?

Jumatatu alingoja mkewe atoke na mapazia ya mteja. Aliposikia lango limefungwa, aliingia karakana, akatafuta pembe tulivu kati ya mapazia, akampigia Chupa, aliyekuwa utingo wake miaka yote ya lori.

"Chupa! Sikiliza, maji yamenifika shingoni. Lile jangwa, mchana likoje?"

"Likoje vipi, bosi?"

"Lina rangi gani? Lina milima? Mwenzako nimeshawaambia watu kuna simba."

"Simba!"

"Wa mawe, Chupa. Wa mawe."

Chupa akapiga mwayo. "Bosi," alisema, "mimi nilikuwa nalala usiku na mchana. Nilijua wewe ndiye unayetazama."

"Nitatazamaje na kitambaa usoni?"

Pazia la maua lililokuwa mbele yake likatikisika. Halikuwa na sababu ya kutikisika, madirisha yalikuwa yamefungwa. Masafa akashusha macho polepole. Chini ya pindo ilionekana miguu miwili anayoijua vizuri sana, vidole vimejikunja kama vya mtu anayezuia kicheko kwa nguvu zake zote.

"Nitakupigia," alimwambia Chupa.

Mkewe alikuwa amerudi kwa mlango wa jikoni kuchukua ndoano za pazia alizozisahau. Alijitokeza ameshika mbavu, akacheka hadi akakaa juu ya jora la kitambaa, akacheka tena alipomwona mumewe amesimama na simu mkononi kama mtoto aliyevunja sahani. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Akajifuta macho kwa upindo wa pazia la mteja.

"Unajua nilikuwa nakuonea wivu?" alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Nimekaa hapa nikishonea madirisha ya watu, nikijisemea, mwenzangu huko anaiona dunia. Na kila ukiniambia jangwa ni jangwa tu, nilidhani unaninyima. Nilidhani ni zuri mno hutaki tugawane."

Masafa aliketi kando yake, na jora likalalamika. "Sikuwa na cha kugawana, mke wangu. Nilikuwa naona lami."

"Kwa hiyo hujui chochote."

"Sijasema hivyo!" Hapo udereva ukampanda kichwani. "Nifunge macho, nitakuambia tupo wapi. Kuna mahali harufu ya chumvi inaingia dirishani ghafla, hadi ulimi unaionja. Mbele yake kuna kona juu ya kona, baridi inashuka, na mlio wa injini unakurudia kama kuna lori jingine linakufukuza. Nilikuwa nageuka kila safari kuangalia nyuma. Halafu kuna mahali mchanga unaimba."

"Unaimba?"

"Unavuma. Kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Chupa alikuwa hapapendi, anapandisha kioo."

Mkewe alimtazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Kisha akainuka, akaenda mezani, akaanza kuondoa vifungo. Maporomoko ya maji yalitoka kwanza. Simba akafuata.

"Haya, anza upya," alisema, chaki mkononi. "Hiyo chumvi iko wapi?"

Masafa alifumba macho. Akaweka kidole pindoni mwa kitambaa, akaanza kukisogeza taratibu, akinong'ona njia, "hapa mteremko... hapa daraja... hapa nazima redio..." na kila kidole kiliposimama, mkewe aliweka kifungo. Walisahau kabisa kwamba kuna mteja anangoja mapazia.

Kuwaambia wale wengine hakukuwa kugumu kama alivyohofia. Spana alicheka hadi akatoka nje. Dada mkubwa aliuliza tu, "Kwa hiyo hakuna maporomoko?"

"Hakuna, dada."

"Na mimi nimeshanunua kofia ya kuogea." Akatafakari. "Nitaivaa hivyo hivyo."

Waliondoka asubuhi moja yenye ubaridi, mitungi ya maji nyuma, chupa za chai miguuni, Spana akisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua. Sharti lilikuwa moja: jua likizama, gari linaegeshwa.

Harufu ya chumvi iliwajia kabla ya saa ya chai. Masafa aliinua mkono, akapunguza mwendo, akaliegesha gari pembeni. Kando ya barabara kulikuwa na kilima kifupi tu, cha kudharaulika. Wakakipanda, Dada mkubwa akivutwa mbele na kusukumwa nyuma, hadi wakafika juu. Mbele yao ardhi ilikuwa nyeupe hadi mwisho wa macho, imepasuka vipande vipande kama sega la asali, na kila ufa ulikuwa na rangi ya waridi ndani yake.

Masafa alisimama, mikono kiunoni. "Ilikuwa hapa," alisema. "Muda wote huo ilikuwa hapa hapa." Akajitia kukohoa vumbi. Dada mkubwa akainama kwa shida, akalamba kidole, akathibitisha kwamba ni chumvi kweli.

Kwenye zile kona, lori lililomfukuza Masafa miaka yote lilikuwa ukuta wa mwamba, mrefu kuliko ghorofa yoyote aliyowahi kuiona, wenye mistari ya wekundu, kahawia na manjano. Mkewe aliusogelea akaupapasa kwa kidole na gumba, kama anayepima kitambaa. "Majora," alisema. "Tazama, mzee. Mtu ameyapanga moja juu ya jingine."

Chini ya kivuli cha ukuta huo lilikuwa limeegeshwa lori, na chini ya lori alilala dereva mnene mwenye masharubu, kitambaa usoni.

"Mwache mwenzio alale," mkewe alisema, akimsoma mawazo.

Masafa alijaribu kumwacha. Alitembea hatua chache, akarudi, akachuchumaa. "Dereva! Dereva mwenzangu!"

Yule bwana alikurupuka akajigonga kichwa. "Nini? Linawaka?"

"Hapana, haliwaki. Samahani sana. Umeuona huo ukuta?"

Dereva alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua. Halafu akafuata kidole. Akajikuna masharubu.

"Ahaa," alisema mwishowe. "Kumbe ndiyo maana injini inaniitikia."

Akajilaza tena. Lakini safari hii alilala ubavu, uso ameuelekeza kwenye mwamba, na kitambaa akakikunja kuwa mto.

Baada ya kona barabara ilinyooka. Masafa aliishiwa kabisa na hamu ya usukani. Alimpa mkewe ufunguo, jambo ambalo halijawahi kutokea, hata Spana akaacha kusikiliza injini ili ashuhudie. Mkewe alisogeza kiti mbele na kutia gia. Masafa alitoa kiwiko dirishani.

"Tazama kule!" alisema. "Ona mchanga ule unavyobadilika rangi. Na kile, umekiona kile? Mke wangu, tazama!"

"Nikitazama, nani ataendesha?"

"Basi simama."

Pale hapakuwa na lolote: jiwe moja, kichaka kimoja, na anga. Mkewe akasimamisha gari, na wote wakashuka.