Turubai la Mgeni Rasmi

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba kuna mashindano ya kimataifa ya mashua yanatafuta mahali pa kufanyikia, na mahali penyewe huenda pakawa bwawa la Masweya, nje kidogo ya Chamwino. Atakuuliza umekula nini. Violeth aliulizwa hivyo miaka sita mfululizo. Ni fundi cherehani wa Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, na kwa nailoni za miavuli mibovu alishona matanga ya mashua ndogo, zile zinazosukumwa na upepo tu huku mwenyewe kasimama ukingoni na rimoti mkononi. Klabu yao ilikuwa na watu kumi na mmoja, wote wanachekwa. Na leo, jamani, mkaguzi wa shirikisho la mchezo huo alikuwa amefika!

Mkaguzi aliitwa Sabrina, Mzanzibari anayeishi ng'ambo, mwanamke wa maneno machache mwenye kipima upepo mfukoni. Hakuzungusha. Yamebaki mabwawa mawili, alisema, hili na moja la Ureno. Saa saba mchana anaondoka kuwahi ndege, na jibu atalitoa hapa hapa. Alitaka kuona kitu kimoja tu: mashua zikikimbia karibu na ukingo, pale waendeshaji wanaposimama.

Sasa sisi mgeni tunampokeaje? Kwa turubai, bila shaka. Noeli, katibu wa klabu, alikodi maturubai matatu makubwa, akayaunganisha ukingoni upande wa mashariki ili jua la asubuhi liwe mgongoni mwa wageni. Kwa nyuma yakaning'inia mapazia ya bluu na nyeupe, marefu hadi chini, ya kuzuia vumbi. Violeth aliyashona mwenyewe wiki nzima. Katikati, kwenye sofa, alikaa mgeni rasmi, Mzee Athuman, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kondoa aliyewanunulia rimoti zote. Palipendeza, tuache utani.

Mashua tano zikatiwa majini. Zikasimama tuli.

Sabrina akainua kipima upepo, akakitazama, akakitikisa. "Niliambiwa Dodoma kuna upepo," alisema.

"Unakunywa chai, unakuja!" Noeli akajibu kwenye kipaza sauti. Watu wakacheka.

Violeth hakucheka, roho ilikuwa juu. Lakini kulikuwa na jambo lililomshangaza. Asubuhi upepo ulikuwa unapiga mabati kama kawaida, na hata sasa, kule katikati ya bwawa, maji yalikuwa yanakunjamana vizuri tu. Mbona hapa ukingoni yametulia hivi? Akachomoa uzi mwekundu kwenye sindano aliyoichomeka kolani, akaushika juu, akaanza kutembea. Uzi ukalala. Akaenda mpaka turubai la mwisho, bado umelala. Akapita kona, uzi ukanyanyuka ukanyooka. Akarudi hatua mbili, ukalala tena.

"Mama yangu!" alisema. "Kumbe ni mapazia yangu."

Saa sita kasorobo. Akamkimbilia Noeli, akamweleza.

"Nimwinue mgeni rasmi?" Noeli alimtolea macho. "Hata risala haijasomwa! Violeth, una wazimu?"

Basi akaenda mwenyewe. Alipita mbele ya watu wote, akapiga goti kwenye zulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, unisamehe sana. Umeukalia upepo."

Noeli alishusha kipaza sauti. Mzee Athuman akamtazama, akatazama nyuma yake kama vile ameambiwa kuna nyoka.

"Nimeukalia vipi?"

Violeth akampa uzi. Mzee akanyanyuka na kanzu yake nyeupe, akatembea hadi kona, akapita, akarudi, akapita tena. Mara ya nne alikuwa anacheka peke yake.

"Ng'oeni," alisema. "Yote."

Vijana wa maturubai wakaparamia kamba. Mapazia yalipoanguka, vumbi la Chamwino likaingia bila hodi, kwenye pilau, kwenye soda, kwenye suti ya Noeli. Risala ikapaa na kutua bwawani. Na mashua! Zililala ubavu, zikachomoka zote tano kwa mpigo, zikageuka kwenye boya na kurudi. Violeth alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Sabrina alipima mara tatu. Akaandika, akafunga daftari.

"Mashindano yatakuwa hapa," alisema. "Ila ukingo huu sitaki kuona turubai."

Violeth akakaa chini vumbini na kulia, hakujali nani anamwona.

"Sasa mgeni rasmi tutamweka wapi?" Noeli aliuliza. Alikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Kwani ni lazima awepo?" Sabrina akamuuliza.

Noeli akageuka kumtazama Mzee Athuman amsaidie. Mzee alikuwa amekwisha vua viatu, kashika rimoti ya Violeth kwa mikono miwili, anauliza kitufe cha kukaza tanga ni kipi.