Msemaji wa Baba

Baba yangu, seremala, ni mzito wa kusema. Akienda hospitali, mama ndiye humsemea: anaumwa wapi, amekula nini, amelalaje. Mama ni fundi wa kushona, na ulimi wake unakwenda kasi kuliko cherehani yake.

Kwa hiyo siku tuliyompeleka baba kupigwa picha ya mapafu, mama ndiye aliyekalia kiti cha mgonjwa. Baba amevuta sigara tangu ujana, na siku hizi watu kama yeye hushauriwa wapimwe hata kabla hawajaumwa. Alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

“Anakohoa?” daktari aliuliza.

“Kidogo tu, asubuhi,” mama alijibu, kisha yeye mwenyewe akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

“Na wewe, mama, umeanza lini?”

“Mimi? Vumbi la vitambaa tu hilo, mwanangu. Hata dawa za kifua kikuu walinipa, nikazimaliza. Sigara sijawahi kushika. Hebu tuendelee na mgonjwa.”

Daktari akaagiza wapigwe picha wote wawili.

Mapafu ya baba yalikuwa salama. Ya mama yalikuwa na uvimbe.

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nilimnunia baba na moshi wake, mpaka daktari aliponieleza kwamba saratani hii huwapata hata wasiovuta, na kwamba hakuna awezaye kusema ya mama ilitoka wapi. Baba hakungoja maelezo. Pakiti yake aliitupa kwenye pipa la hospitali.

Walimtoa mama kinyama kidogo kwa sindano, wakakipeleka maabara. Majibu yalipotoka, tuliambiwa saratani yake ni ya aina inayosikia vidonge: kimoja kila siku, nyumbani, bila dripu.

“Havitaing’oa,” daktari alisema, “ila vinaweza kuizuia kwa muda mrefu.”

Juzi tulirudi kwa picha nyingine. Uvimbe umenywea.

“Usiku bado unakohoa, mama?” daktari aliuliza.

Mama alifungua kinywa, baba akamtangulia.

“Hakohoi. Aliacha mvua zilipoanza. Akilalia ubavu wa kulia anapumua kwa shida, namgeuza. Alfajiri huwa anaota, anacheka.”

Sikuwahi kumsikia baba akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Mama aligeuka akamtazama.

“Kumbe hulali?”

Baba aliizungusha kofia mikononi.

“Nakusikiliza,” alisema.