Mabenchi Yenye Majina

Watu wa Kasongo wananijua kwa vitu viwili: mabenchi na hasira. Mabenchi yangu hayavunjiki. Hasira yangu, Léocadie muke wangu anasema ilitangulia kuzaliwa, mimi Hippolyte nikaja nyuma yake. Sawa, aseme. Lakini jambo lililotokea ku masomo, ku shule ya mutoto wetu Nadine, nitalisema lote, hata pale panaponitia haya.

Mwaka jana, mu darasa la sita, watoto walikuwa wanakaa chini. Sabini na kitu! Mwenye bahati alikaa juu ya tofali, daftari ku magoti, shingo imepinda. Wakatuita wazazi ku mukutano. Watu wakaongea, wakaongea, kila mutu na serikali yake mudomoni. Nikachoka, nikasimama.

"Nyamazeni! Pori si iko? Mimi fundi si niko? Kila muzazi alete mbao, nitapiga mabenchi bila kuomba kitu. Lakini wavivu sitaki. Aliyeleta mbao, jina la mutoto wake litaandikwa ku benchi. Asiye na jina, asikae."

Makofi! Walipiga makofi mpaka nikavimba kichwa. Direktere wa masomo akaandika kanuni mu daftari la mikutano, nikatia saini chini. Ile siku nilikuwa nafikiria tu jirani yangu Abedi, mutu anayeamka jua likiwa utosini. Kumbe Abedi ndiye wa kwanza kuleta mbao. Basi nikapiga mabenchi ishirini na nne, watoto watatu kila benchi, na nikaandika majina kwa mukono wangu, rangi nyeupe.

Nadine, sifichi, alikuwa muzito wa kujifunza. Darasa la tano alilirudia. Ukimuuliza saba mara nane, anaangalia miguu yake. Ku benchi walikuwa watatu: Grâce upande wa dirisha, Nadine katikati, Arlette mwisho. Mwezi wa kwanza Arlette akaenda Nyangwe kukaa na bibi yake mugonjwa, nafasi yake ikabaki wazi. Ndipo akaja Viviane.

Viviane ni binti ya Katembo, mutu wa Kivu anayechimba zahabu kule Lusangi. Baba alimuacha hapa Kasongo kwa shangazi yake, apate kusoma. Mutoto mwembamba, macho makubwa, Kiswahili chake cha kwao kule juu, watoto wakamucheka. Kizimba, luga yetu ya hapa, hakujua hata neno. Mwalimu Clovis akamwambia akae pale pa Arlette, kwa muda.

Sijui wale watoto wawili walipatana vipi. Nilichoona ni hiki: kila siku kisha masomo walikuja kwangu, wakatandika mukeka kando ya karakana, wakamwaga maharagi ya Léocadie. Viviane anapanga maharagi, saba, saba, saba. Nadine anahesabu. Akikosa, Viviane hamucheki, anapanga tena. Halafu wanageuza: Nadine anamufundisha Kizimba, maneno ya kuruka kamba, hata matusi madogo, na hapo ni Viviane anayekosa, wote wanaanguka kwa kucheka. Nilikuwa nawapigia kelele kwamba wanaharibu maharagi. Lakini bulletin ya matokeo ikatoka. Nadine, aliyekuwa wa hamsini na nane, akawa wa kumi na ine! Léocadie alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani ameolewa.

Bon. Mwezi wa ine ukaisha, Arlette akarudi.

Mama Arlette hakungoja hata vumbi la njia limutoke mutoto. Aliingia mu darasa, akaweka kidole juu ya rangi yangu nyeupe: "Hapa imeandikwa Arlette. Huyu wa kuja aliandikwa wapi?" Wale watoto wangekaa wanne, bwana! Matako yenyewe yako wapi? Wangebanana wakacheka. Lakini Clovis ni mutu wa kuogopa kivuli chake. Akamutoa Viviane, akamuweka juu ya tofali, karibu na mulango, pale mvua inapoingilia.

Kesho yake Nadine hakukaa ku benchi. Aliokota tofali lingine huko nje, akaliweka pembeni ya lile la Viviane, akakaa. Clovis akamwambia arudi. Hakurudi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu wakamufukuza na karatasi: baba aje.

Mama weee! Nilikwenda na mukanda wa kazi ungali kiunoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mutoto wa fundi aliyewapa mabenchi, ndiye wa kufukuzwa? Nilisukuma mulango wa direktere bila kupiga hodi.

"Ni mupumbavu gani aliweka kanuni ya kumukalisha mutoto chini, wakati mabenchi yapo?"

Direktere hakupandisha sauti. Alifungua lile daftari, akaligeuza upande wangu. *Asiye na jina, asikae.* Na saini yangu, na ule mukia murefuuu ninaopenda kuuweka.

"Tuifute, Baba Nadine?" akauliza. "Wewe sema mbele ya wazazi kwamba ulikosa, mimi nafuta."

Mutu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi niliona haya, na kwangu mimi haya ni mulango wa hasira. Nilisema: "Kanuni ni kanuni." Nikatoka, nikamukamata Nadine mukono, nikamukalisha ku benchi katikati ya Grâce na Arlette, nikamwambia nikisikia tena ameketi chini, atanijua. Viviane alikuwa juu ya tofali lake, daftari ku magoti. Alinisalimia. "Shikamoo, Baba Nadine." Yule mutoto alinisalimia! Sikuitika.

Kisha siku mbili Viviane hakuonekana tena.

Na wangu? Maharagi hayakumwagwa tena. Asubuhi, tumbo. Kesho, kichwa. Léocadie akamupeleka ku dispensere, hawakuona kitu. Hakulia, hakujibu vibaya, na hiyo ndiyo ilinitisha, maana mutoto wangu ana mudomo kama mimi. Interro, jaribio la hesabu, akaleta mbili juu ya makumi mawili. Mutihani wa mwisho wa darasa la sita ulikuwa umebaki wiki tatu, na majina ya watakaoufanya yalikuwa yametumwa zamani, la Nadine na la Viviane.

Nilikwenda kwa shangazi ya Viviane. Aliniangalia kama mutu anayeangalia mbwa aliyekula kuku.

"Baba yake amemuchukua Lusangi. Mutoto alisema hawezi kukaa chini, mbele ya watu wanaojua kusoma majina."

Nikapanda pikipiki. Ile njia ya kuelekea Kabambare, Mungu aniachilie, si njia, ni adhabu. Mara mbili tulishuka kusukuma, mimi na dereva. Nilifika Lusangi matope mpaka mu masikio, nikamukuta Katembo anakula muhogo mbele ya nyumba ya matope, na Viviane anatoka ku muto na ndoo kichwani. Aliponiona akasimama, maji yakamumwagikia bega.

Nikaanza vizuri. Nikasema mutoto arudi, mutihani uko karibu, atakaa kwangu akipenda, Nadine hali, Nadine halali, Nadine amesahau hata saba mara nane.

Katembo aliacha kutafuna.

"Nadine, Nadine, Nadine," akasema. "Mutoto wangu iko dawa ya mutoto wako? Alipokaa juu ya tofali hukupanda pikipiki. Wako alipoanguka, ndiyo umejua njia ya Lusangi!"

"Katembo, sikia…"

"Nimesikia. Kula muhogo, urudi kwako."

Hasira ilinipanda mpaka macho yakaona mekundu. Nilitaka kumupiga. Lakini aliyosema yote yalikuwa ya kweli. Ile ndiyo inaniua mpaka leo. Viviane aliweka ndoo chini taratibu.

"Mumuambie Nadine: hamusini na sita," akasema, akaingia mu nyumba.

Nilifika Kasongo siku ya pili, Jumapili, siku ya Mungu. Kesho yake, siku ya masomo, mbele ya kengele kulia, niliingia mu darasa la sita na randa. Nikaanza na benchi ya mutoto wangu. Jina la Nadine likatoka na mbao yake, likaanguka chini, nikapitisha tena mpaka ikawa safi. Halafu Arlette, halafu Grâce, halafu benchi ya pili, ya tatu. Wazazi wakajaa ku dirisha. Mama Arlette akalia kama ameibiwa. Direktere akaja anakimbia.

"Baba Nadine, unafanya nini?"

"Nimekosa!" nikamupigia kelele. "Ulitaka niseme mbele ya wazazi, si ndiyo? Haya, wako hapa! Ile kanuni ni yangu na ni ya kipumbavu, ifute, ao nitakuja kuipigia randa na daftari lako! Na ninyi mulipiga makofi, musiniangalie hivyo!"

Abedi peke yake aliingia, akachukua musasa, akanifuata nyuma. Tulimaliza mabenchi yote ishirini na nne.

Kengele ikalia, watoto wakaingia. Wakazunguka, wakacheka, wakakaa popote. Nadine aliingia wa mwisho. Aliangalia mabenchi yasiyo na majina, aliniangalia mimi mwenye kujaa vumbi la mbao, halafu akakwenda ku mulango akakaa juu ya tofali. Lile la pembeni, la Viviane, akalipanguza kwa mukono wake, akaliacha tupu.

Nilichuchumaa mbele yake. "Viviane anasema hamusini na sita."

"Baba, majina umeyatoa. Viviane iko wapi?"

"Iko Lusangi."

"Kwa sababu gani?"

Clovis alishika chaki, hakuandika.

"Kwa sababu yangu," nikasema.

"Ulimuambia yeye hivyo?"

Nilikuwa nimemwambia Katembo habari ya Nadine asiyekula, na Nadine asiyelala. Viviane mwenyewe, na ndoo yake, na bega lake lililolowa, sikumwambia kitu. Hata ile shikamoo yake sikuwa nimeiitikia bado.

"Hapana," nikasema.

"Basi enda umuambie," Nadine akasema. "Mimi nitamungojea hapa."

Niliacha randa juu ya meza ya Clovis, nikatoka kutafuta pikipiki.