Sarafu Iliyotazama Kushoto

Sheria ya himaya ilikuwa fupi: sura ya mfalme aliye hai hutazama kulia katika sarafu, na ya mfalme aliyefariki hutazama kushoto. Sarafu ya kushoto ikishapokelewa katika lango la kwanza la ushuru, msiba huwa umetangazwa. Malango yote ya barabara kuu hufungwa, na masoko husimama mwezi mzima. Mchongaji atakayemzika mfalme angali hai hukatwa mkono wa kazi.

Asubuhi ile mchongaji wa kiwanda cha sarafu alikuwa akinywa chai kando ya tanuri, huku akigeuzageuza sampuli ya sarafu mpya. Mkewe, ambaye ndiye aliyeichora sura ya mfalme, alichungulia.

"Baba watoto, mbona anatazama kushoto?"

Chai ilimwagika. Kasha la kwanza la sarafu hizo lilikuwa limeondoka alfajiri kuelekea langoni.

"Haiwezekani! Muhuri wa kugongea sarafu huchongwa kinyume. Nimeutazama mchoro wako katika kioo, kama siku zote."

"Katika kioo?" Mkewe alishika mdomo. "Safari hii nilikuchorea kinyume tayari, nikupunguzie kazi. Si nilikuambia?"

"Uliniambia lini?"

"Basi nilikuambia moyoni."

Mchongaji hakungoja kuvua aproni. Aliifuata barabara ya mawe mbio, akatembea alipoishiwa pumzi, akakimbia tena. Bendera ya lango ikaanza kuonekana. Kisha, hapo kabla ya daraja, akaliona gari la nyumbu limelala ubavu, gurudumu moja limezama shimoni. Mwendeshaji alikuwa amekalia kasha.

"Mzee, umekuja kusukuma au kushangaa?"

"Umeshafika langoni?"

"Nifike kwa gurudumu lipi?"

Mchongaji aliliangalia lile shimo kama mtu anayemwona ndugu aliyepotea. "Tulirudishe kasha," akasema.

"Limefungwa kwa lakiri ya mfalme. Halirudi nyuma mpaka msimamizi wa barabara aandike kwamba njia haipitiki. Na msimamizi wetu ndiye yule pale, anakataa."

Msimamizi alikuwa kaka wa mke wa mchongaji. Kwa miezi mitatu alikuwa akiripoti kwamba kipande chake cha barabara kilikuwa laini kama mkeka.

"Shemeji, andika barabara haipitiki."

"Kwa sababu ya hiki? Hiki ni kibonyeo tu."

"Kibonyeo kimemeza gurudumu zima!" mwendeshaji akadakia. "Bado nyumbu!"

"Nikiandika, nitaulizwa miezi mitatu nilikuwa wapi."

Mchongaji alimvuta kando, akafungua kiganja. Msimamizi aliitazama ile sarafu, akaigeuza, akaigeuza tena, kana kwamba mfalme angeweza kubadili mawazo.

"Nani kachora?"

"Dada yako."

Msimamizi aliutazama mkono wa kulia wa shemeji yake, kisha akatoa kalamu. Aliandika: *Barabara haipitiki.* Akasita, akaongeza: *tangu miezi mitatu iliyopita.*

"Kama ni kukemewa," alisema, "heri nikemewe mara moja yaishe."

Mchongaji alikaa chini kwenye tope, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mwendeshaji alimwacha acheke kidogo, kisha akamwambia: "Haya, sasa sukuma."

Kabla ya jua kutua, sarafu zote za kasha lile zilikuwa zimerudi tanurini, na mfalme alikuwa mzima bila kujua kwamba aliwahi kuumwa. Mke wa mchongaji alileta mchoro mpya. Pembeni alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HUU NI WA KAWAIDA. TUMIA KIOO.

"Na safari hii nimekuambia kwa mdomo pia," alisema.

Mchongaji alinawa mkono wake wa kulia taratibu, kidole baada ya kidole, akashika patasi.