Kona Ambayo Hatukuichora

Mkono niliuona. Naanza na hilo kwa sababu kwenye muhtasari wa mkutano niliandika kwamba hakuna aliyepinga, na muhtasari huo una sahihi yangu.

Mimi ni Eunike, mtendaji wa Mtaa wa Masaleni, upande wa Terrat, pale ambapo jiji la Arusha linaanza kugeuka mashamba ya mahindi. Kwetu ni Nkoaranga, juu kwenye migomba; kazi ndiyo iliyonishusha huku kwenye vumbi. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Lemburis, Mwarusha wa hapo hapo, aliyefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini kabla ya kustaafu. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema ili yanayofuata yasimfanye aonekane vingine.

Mtaa ulikuwa umejijengea zahanati, na tatizo likabaki njia. Kutoka barabara ya lami, mgonjwa alizungushwa kando ya korongo karibu nusu saa. Masika iliyopita mama mmoja alijifungulia humo humo korongoni, matope yamemfika magotini. Na kati ya lami na zahanati palikuwa na eneo la wazi, kubwa kama uwanja wa mpira, lisilo na mwenyewe kwenye ramani. Wengine walitaka liwe bustani ya watoto, na Anyesi, muuza mboga, ndiye aliyewasemea. Mwalimu alitaka barabara ipite katikati, imenyooka.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi asubuhi, nje ya ofisi yetu. Watu walinyoosha mikono, barabara ikashinda kwa mbali. Hapo ndipo nilipomwona bibi mmoja nyuma kabisa, amejitanda shuka la bluu, amesimama, mkono juu. Kura zilikwisha, huyu alitaka kusema. Mwalimu naye alimwona, maana macho yake yalimfikia, yakampita, yakaenda kwa mwingine. Jua lilikuwa limepanda na watu walishaanza kubeba viti.

"Kama hakuna pingamizi, tunafunga," alisema.

Bibi hakuushusha mkono. Nami nikaandika: Hakuna pingamizi.

Greda ilikuja wiki mbili baadaye. Dereva alianzia kwenye lami, akaenda moja kwa moja hadi zahanati, akazima injini na kuteremka. Kisha akageuka kutazama kazi yake. Katikati ya eneo barabara ilipinda kama kiwiko, ikaacha kipande cha majani cha ukubwa wa chumba kimoja, kisha ikarudi kwenye mstari wake.

"Usukani sijaugeuza," alisema.

Watu walicheka. Mmoja alimuuliza amekunywa nini asubuhi. Dereva hakucheka. Alipanda tena, akarudia, na ile kona ikabaki pale pale. Safari ya tatu alikataa, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu hakukubali kushindwa na kitu kidogo namna hiyo. Kesho yake alichukua vigingi na kamba ya katani, akaivuta kutoka lami hadi zahanati, akawaita vijana wenye majembe wakwatue majani yote yaliyokuwa chini ya kamba. Walikwatua kutwa nzima. Jioni kila mmoja aliapa kwamba amefuata kamba. Kamba yenyewe ilikuwa imenyooka juu ya majani marefu ambayo hakuna jembe lililoyagusa.

Dirisha la ofisi yangu linatazama eneo lile, nikaanza kuangalia. Wanafunzi, wagonjwa, mbuzi, bodaboda, wote walifika penye majani wakakunja kushoto, wakazunguka, wakaendelea. Hakuna aliyesita. Walikuwa kama watu wanaozunguka meza nyumbani kwao.

Nilimwuliza Anyesi aliponiletea mchicha. "Mbona pale mnazunguka?"

"Nani anazunguka? Mimi nimenyoosha."

"Nimekuona, Anyesi."

"Mtendaji, nimenyoosha," alisema, safari hii kwa ukali kidogo, akakusanya ungo wake.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha, nilienda mwenyewe. Nilielekeza macho kwenye kilele cha Meru, kilichokuwa wazi siku hiyo, nikatembea bila kukibandua machoni. Sikupinda. Ningeweza kuapa kanisani kwamba sikupinda. Nilipofika zahanati nikageuka, nikaona nyayo zangu kwenye tope: zimenyooka, zimekunja kushoto, zimezunguka, zimenyooka tena. Nilirudi ofisini kwa njia ya korongo.

Nilipomweleza Mwalimu, alivua miwani akaifuta. "Mtendaji, watu wakiambiwa kuna kitu wataogopa hadi kivuli. Leo nitasimama pale, wote wanione, tumalize."

Alienda saa sita mchana. Aliishika ile kamba kwa mikono miwili, akawa anahamisha mkono mmoja baada ya mwingine, kichwa chini, kama mtu anayevuka mto wenye nguvu. Mara mbili miguu yake ilitaka kwenda kushoto nikaona anairudisha. Mwisho akafika. Alisimama katikati ya majani yakiwa kiunoni, akanipungia.

Aminiel wa bodaboda alikuwa anapita. Mwalimu alimwita kwa jina. Aminiel alizunguka, akaenda zake. Wakapita akina mama wawili kutoka kliniki. Mwalimu akawasalimu, wakazunguka wakiongea mambo yao. Alisalimia watu kama saba. Kisha akatoka, akaja ofisini akitweta.

"Umeona? Hakuna kitu pale. Majani tu." Alikung'uta suruali. "Ila Aminiel ana kiburi siku hizi."

Siku iliyofuata alilalamika kwamba dukani amesimama mpaka akachoka, muuzaji anahudumia waliokuja nyuma yake. Jumapili, baada ya ibada, mchungaji alishikana mikono na watu wote mlangoni. Mkono wake ulimruka Mwalimu ukaenda kwa aliyefuata. Mwalimu alinisimulia hayo akijaribu kucheka. Siku ya sita hakujaribu tena. Alisema Sabina, mkewe wa miaka arobaini, amepakua ugali sahani moja, akala, akaosha vyombo, akaenda kulala huku yeye ameketi mezani.

"Ukimwita?"

"Nikimshika bega anashtuka. 'Kumbe upo,' anasema. Kisha anasahau tena."

Nilimwambia ni uchovu. Niliamini ni uchovu, mpaka siku ya kikao cha kamati. Wajumbe sita walifika. Tulisubiri, nikatazama saa, nikasema tuendelee, tukamchagua mjumbe mmoja, mzee Naftali, aendeshe kikao. Nikaandika juu ya karatasi: Mwenyekiti hakufika, hakutoa udhuru.

Meza ikapigwa kishindo. Niliinua uso. Mwalimu Lemburis alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kichwani mwa meza, mkono wangu ukiwa karibu kumgusa. Machozi yalikuwa yamemchuruzika hadi kwenye kola, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyepiga kelele muda mrefu.

"Nimekuita, Eunike," alisema. "Tangu umefungua daftari ninakuita."

Wajumbe wengine walikuwa wanaendelea kuongea kuhusu taka.

Nilimshika mkono nikatoka naye nje. Niliogopa kumwachia. Tulisimama ukutani, na yeye ndiye aliyeuliza: "Yule bibi. Siku ile ya mkutano. Nawe ulimwona?"

"Nilimwona, Mwalimu."

"Tumtafute."

Anyesi alimfahamu: Koko Namelok, yaani Bibi Namelok, anayeishi ng'ambo ya korongo na mjukuu wake Silantoi. Tulitembea kwa miguu. Mwalimu alishika mkanda wa mkoba wangu njia nzima, na kila nilipoanza kuwaza mambo yangu aliuvuta. Nakiri alilazimika kuuvuta mara nyingi.

Koko alikuwa uani anapepeta maharage. Nilisema shikamoo, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa nyuma yangu.

"Mwalimu," alisema. "Umekonda."

Mzee yule wa miaka sitini na saba aliinamisha kichwa kama mtoto. Bibi akauweka mkono wake kwenye upara wa Mwalimu, akauacha hapo muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Tulipoketi, hakutulaumu. Alisema alichotaka kukisema siku ile.

"Pale palikuwa na boma letu, kabla ya uhuru. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mama yangu akapata ndui. Watu wakahama wote, wakamwacha ndani, wakatuambia sisi watoto tusikaribie. Njia ya kwenda mtoni ilipita mlangoni kwake, kwa hiyo wanawake wakafyeka nyingine ya kuzunguka. Alikuwa akisikia hatua zao anawasalimu. Takwenya! Takwenya! Ndiyo salamu ya wanawake wetu, na lazima ujibu Iko. Hakuna aliyejibu. Waliogopa kwamba ukijibu, ugonjwa utakufuata kwa sauti yako."

Alichagua punje moja mbovu akaitupa.

"Siku moja nilipita peke yangu. Aliijua hatua yangu. Akanisalimu." Alipitisha kiganja juu ya maharage. "Nilizunguka. Hata mimi nilizunguka. Siku chache baadaye sauti ikakoma, na mvua zilipokuja nyumba ikamwangukia. Hatukuzika."

"Ulitaka tusipitishe barabara?" niliuliza.

"Pitisheni. Wagonjwa wapite. Nilitaka tu kuwaambia kwamba pale kuna mtu."

Mkutano wa dharura tuliuita Jumamosi iliyofuata, na niliandika tangazo kwa mkono wangu: kusahihisha muhtasari. Tuliufanyia kwenye eneo lenyewe, kando ya kona. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba niliona mkono nikaandika hakuna. Mwalimu alisimama karibu nami, akasema yeye pia aliuona. Sijui ni wangapi waliomsikia. Kisha nikampa Koko Namelok nafasi.

Alisimulia yote kama alivyotusimulia. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza hakurudi kwenye kiti. Alishika fimbo yake akaelekea penye majani. Tulimwangalia. Alifika mahali ambapo wote tulikunja kushoto, na yeye hakukunja. Majani yalimfika kifuani. Akasimama, akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Iko," alisema.

Hapakuwa na aliyemsalimu. Upepo haukuwepo. Alisikiliza, akajibu tena, "Iko, yeyo," kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mtu wa umri wake. Silantoi, aliyekuwa kando yangu, alinong'ona kwamba yeyo ni mama.

Kisha mwanamke mmoja kwenye viti akajibu. "Iko." Halafu mwingine, mkongwe wa Kiarusha aliyeziba mdomo mara moja kwa kiganja, kama aliyeropoka. Halafu Anyesi, ambaye ni Mpare na Kimaasai hajui. Neno lilipita kwenye safu za wanawake, moja moja, bila haraka. Wanaume walikuwa wanatazamana. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Iko." Baada ya kusema ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimesalimiwa. Ilitokea karibu sana, chini kidogo ya sikio langu, sauti ya mtu mwenye kiu.

Nyuma yangu Sabina alipiga ukelele mfupi. Alikuwa amemkamata mumewe kwa mikono yote miwili. "Baba Yoeli! Umekuwa wapi wewe?"

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu asimame kwenye majani.

Hatukupiga kura ndefu. Barabara ilibaki na kona yake. Kile kipande tulikizungushia masale, mmea wa mipaka na msamaha, na mchungaji akaja na katekista wa Kikatoliki wakasoma ibada ya mazishi, ingawa hapakuwa na jeneza. Upande wa juu, ambako bado kuna nafasi, watoto wamewekewa pembea na gogo la kupanda. Akina mama wajawazito sasa hufika zahanati kwa dakika sita.

Mwalimu aliandika barua ya kujiuzulu, akashikilia msimamo ingawa tulimbembeleza. Koko Namelok alifariki Julai, kwenye baridi, usingizini. Tulimzika nyumbani kwake, watu wengi.

Mwezi uliopita mhandisi alikuja kupima kwa ajili ya kokoto na mifereji, akauliza kwa nini barabara ina kona katikati ya tambarare. Nilimwonyesha muhtasari uliosahihishwa. Aliusoma mpaka mwisho, akapima kona kama ilivyo, akaweka alama zake.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi letu la nje, akimtazama. Nilienda nikaketi naye.

"Kuna jambo sikulisema mkutanoni," alisema. "Siku zile kumi na moja, wakati hamnioni, kuna mtu mmoja alikuwa ananiita. Kila asubuhi, nikifungua mlango. Kwa jina la utoto, ambalo tangu mama yangu afe hakuna anayelijua."

"Ulimjibu?"

Alitazama mikono yake. "Ningemjibu siku ya kumi na mbili," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa hata nimefunga kabegi kadogo."

Ndani ya ofisi watu watatu walikuwa wananisubiri na barua zao za utambulisho, nikamwomba Mwalimu asiondoke, nikaingia kuwahudumia.