Naomba Chakura

Saa sita na nusu mchana, wanafunzi wa shule moja ya msingi huko Mabatini walipanga mstari mbele ya jiko, kila mmoja na sahani yake ya plastiki. Siku hiyo kulikuwa na makande. Mwalimu wa zamu, Selina, alisimama kando ya sufuria akisikiliza, kwa kuwa utaratibu wa shule ulimtaka kila mtoto atamke wazi "Naomba chakula" kabla ya kupakuliwa. Odeta, msichana wa miaka minane aliyehamia kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, wiki iliyotangulia, alipofika mbele aliinua sahani kwa mikono miwili akasema, "Naomba chakura."

Mpishi alimpakulia upawa mzima. Makande yalipogusa sahani yakawa karatasi za kura, nyeupe, zimekunjwa mara mbili, zingali zikitoa mvuke kidogo.

Mpishi alizitazama, akasema hawezi kupoteza makande mengine namna hiyo. Mwalimu Selina akamweleza Odeta, bila ukali, tofauti ya kula na kura, kisha akamwelekeza arudi mwisho wa mstari afanye mazoezi. Odeta alifanya mazoezi. Kila alipofika mbele, ulimi wake ulirudi Ukerewe. Mara ya tatu alikuta sufuria tupu. Ikawa hivyo Jumanne, na Jumatano, na wiki iliyofuata. Wenzake walianza kumwita Mheshimiwa, na waliokwisha kushiba walimpita wakisema, "Mheshimiwa, kura zetu usizile."

Mwalimu Selina hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa ng'ambo ya pili ya ziwa, juu kidogo ya Kamanga, na alipokuwa darasa la pili ulimi wake, uliokuwa ukisema chakura kama wa Odeta, ulinyooshwa kwa penseli. Chakula chake alikila ofisini, katika bakuli lenye mfuniko. Siku alizochoka sana hakulifunua kabisa.

Nyumbani hapakuwa na tatizo. Modesta, mama yake Odeta, alikuwa fundi cherehani, na jioni aliposema "Chakura tayari", ugali ulibaki ugali na sato akabaki sato. Kwa hiyo ilimchukua siku kadhaa kuelewa kwa nini mtoto anarudi kutoka shule akila kama mtu aliyetoka safari ya mbali, na kwa nini mkoba wa madaftari umejaa karatasi tupu. Alipoelezwa, alivaa gauni lake la kanisani akaenda kumwona Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu Shigela alikuwa Msukuma wa Magu, mtu mpole, ambaye katika miaka hamsini na minne hakuwahi kuihitaji herufi r. Hakuna aliyewahi kumrudisha mwisho wa mstari wowote.

"Shikamoo, Mwarimu."

"Malahaba, mama. Kalibu."

"Nimekuja kwa ajiri ya kura."

Uso wa Mwalimu Mkuu ulichangamka. Alisema kwamba wazazi wengi wa siku hizi hawajitokezi, na kwamba amefurahi. "Ila kula ni mwezi ujao, mama."

Modesta alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa heshima kwamba mwezi ujao ni mbali mno kwa mtoto wa miaka minane. Mwalimu Mkuu alipendezwa na ari yake, akaliandika jina lake miongoni mwa wagombea wa kamati ya shule. Modesta alipotambua kilichoandikwa, aliona kuwa kumsahihisha kungemlazimu atumie neno lilelile. Akaaga. Mwezi uliofuata alichaguliwa, kwa sababu hapakuwa na mgombea mwingine.

Katika kikao cha kwanza walihudhuria wajumbe kumi na mmoja, Mwalimu Selina akiwa mmoja wao. Modesta alisimama, akaeleza yanayompata Odeta kila mchana. Alikuwa ameyachagua maneno yake usiku kucha, akilikwepa lile moja. Ombi lake lilikuwa fupi.

"Apakuriwe tu. Asiurizwe neno."

Mjumbe mmoja, Mzee Masele, alisema kwamba Kiswahili kikilegezwa jikoni kitalegea hata kwenye mtihani. Mwingine alisema mtoto huyo anasikitisha kweli, ila utaratibu haukuwekwa kwa ajili yake peke yake. Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati, aliona jambo limejadiliwa vya kutosha.

"Basi, ndugu wajumbe, tupige kula."

Mbele ya kila mjumbe pakatokea sahani ya wali na maharage, juu yake kipande cha sato. Mwenyekiti aliongoza sala fupi, wakala. Hakuna aliyemwomba Mwalimu Mkuu alirudie neno. Lililobaki, walisema huku wakitafuna, ni karatasi za kupigia.

Modesta aliinua sahani yake akatoka nayo nje. Ilikuwa saa ya chakula, na Odeta alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa jikoni, na mbele yake hapakuwa na mtu wala chakula. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Alikuwa na njaa, lakini alikuwa amelelewa, na hakuweza kutia tonge kinywani kabla ya kumkaribisha aliye mbele yake. Modesta aliliona neno likija. Hakumzuia, kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha kulisema.

"Karibu chakura, Mama."

Karatasi ziliwatosha wajumbe wote, ikabaki moja ya akiba. Mwalimu Selina alitoka kuzichukua. Alisimama mbele ya Odeta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamshukuru, akarudi ndani.

Kura tisa zilitaka utaratibu uendelee, mbili hazikutaka. Modesta aliijua ya kwake. Nyingine haikuwa na mwenyewe. Katika muhtasari wa kikao, chini ya mengineyo, iliandikwa kwamba kamati inamshukuru mwanafunzi Odeta Nestory wa darasa la pili kwa kuipatia karatasi za kura, na inamwomba aendelee na moyo huo. Jina lake liliandikwa bila kosa hata moja.